Namna ya kuandika listi ya avenyu yenye italeta musaada ku mwenye alipoteza kweli

Hii naandikia mashefu wa avenyu, wale wa nyumba kumi, vijana wenye wanapewaka kaye na biki kesho yake ya balaa na kuambiwa "muende muandike wasinistre", na pia wale wa ku biro ya kartie na ya komini wenye wanapokeaka zile listi na kuzipandisha juu. Iyo kazi nimeifanya hapa Goma, na kuko mahali nilikosea, njo maana naandika.

Mwezi wa sita 2021, nyuma ya volkano yetu Nyiragongo kutoa lava, watu walikuwa wameanza kurudia toka Sake, toka Bukavu, toka Gisenyi. Nilikuwa nasimama juu ya mawe meusi upande wa Buhene, mawe ingali inatoa joto, unaisikia chini ya kiatu. Mama mumoja alikuwa ananionesha na kidole: hapa njo jiko, pale mulango, kule choo. Mi naangalia naona paka mawe na kipande ya tole imejikunja kama karatasi, hakuna muti, hakuna ukuta wa kusema hapa njo parseli inaishia. Kiisha papa mumoja akafika, akaonesha palepale, akasema hii ni parseli yangu. Wote wawili walikuwa wanasema ukweli, papa alikuwa bayeri, mwenye parseli, mama alikuwa lokatere wake, mwenye kupanga kwake, kwa miaka tano. Lakini fishi yenye tulipewa ilikuwa na mustari moja tu, "mwenye nyumba". Nikaandika papa. Mama nikamuambia apite ku biro watamuandika, kufika kule wakamuambia listi imeshafungwa. Wakati musaada ilifika papa alipata tole na misumari, na mama mwenye masini yake ya kushona iliungua, vitanda iliungua, unga iliungua, hakupata hata sabuni.

Hakuna mutu alimuibia. Ni ile fishi njo ilimupoteza, na mukono wangu njo uliijaza. Franga ya kujenga upya inafwataka karatasi, na kile hakiko ku karatasi, kwa ule mwenye kugawa franga mu Kinshasa ama Ulaya, hakijawahi kuwako. Kwa hiyo tuanze na karatasi.

Kazi inaanza mulima ungali umelala

Wengi wanafikiri kuhesabu ni kazi ya nyuma ya balaa. Hapana, zaidi ya nusu ya kazi inafanyikaka wakati kuko kimya. Inchi yetu resansema ya mwisho ya watu wote ilifanyikaka mwaka 1984, mutoto mwenye alizaliwa ule mwaka leo ako na watoto wenye wanavota, na muji umeongezeka mpaka kule ambako zamani kulikuwa mashamba na mawe. Sasa balaa ikipita na mutu akisema nyumba mia tatu zimeisha, hakuna mwenye anaweza kuuliza mia tatu ku ngapi. Mwenye kutoa franga naye anajua hakuna wa kumujibu, anakata nusu, ama anapeleka kule watu wanapiga kelele sana. Avenyu yenye iko na listi ya mbele haibishaniwi hivyo: tulikuwa familia 140, njo hizi ku kaye na tarehe yake, 52 zimepoteza nyumba, njo hizi.

Usingojee mwezi fulani eti juu mulima ulitoka 10 Januari 1977 na tena 17 Januari 2002, ile ya 2021 ilikuja 22 Mei, siku ya posho mangaribi, watu wakiwa mu nyumba zao. Sisi tunafanya mwezi wa saba kila mwaka, mvua imepungua na wanafunzi wako vakansi, wanafunzi wawili wenye mwandiko muzuri pamoja na mutu mumoja muzee wa avenyu mwenye anajua kila mulango. Kwetu inachukuaka siku nne.

Kitu ya kwanza ni nimero. Kila parseli inapata nimero yake, na ndani ya parseli kila familia inapata herufi: 14A, 14B, 14C. Familia ni wale wanakula ku sufuria moja, ni hivyo tu, usiingie mu mambo ya ukoo. Mu parseli moja ya Goma unaweza kukuta bayeri mbele, lokatere watatu nyuma ndani ya nyumba za mbao, na mu salon ya mumoja kuko deplase wenye wamefikia toka Masisi ama Rutshuru. Izo ni familia tano, na ukiandika moja umefuta ine. Nimero unaweza kuipaka rangi ku mulango, watu wanapenda, lakini usitegemee ile rangi, lava ikipita inaenda na mulango. Nimero ya kweli inakaa mu kaye.

Jina nayo ni mutego. Andika "Furaha" ama "Bahati" na umeandika nusu ya avenyu. Weka majina yote matatu, mwaka wa kuzaliwa, na jina ya mama yake, juu jina ya mama njo inatenganishaka watu mara nyingi kuliko kitu ingine yote. Andika kama vile iko ku karte ya elekteri kama anayo, na nimero ya karte pembeni, na kama hana usimukatae, andika "hana" na uendelee.

Kiisha unaandika: ni bayeri, lokatere ama amefikia. Wako wangapi, wanawake, wanaume, watoto chini ya miaka tano, wazee, mwenye ulemavu. Nyumba ni ya mbao, ya bloki ama ya mawe, vyumba ngapi, tole ama kitu ingine. Na ile yenye watu wanasahauka kila mara, kazi yenye inafanyikia mu ile nyumba: kantini, masini ya kushona, kuchaji telefone, pombe, kuku, chukudu yenye inalalaka mu kiwanja. Nitaeleza chini sababu ya iyo.

Mwisho ni foto, mutu anasimama mbele ya nyumba na karatasi yenye imeandikwa nimero kwa herufi kubwa. Foto moja tu kwa familia. Nimeona kesi ya parseli yenye ilikuwa inaharibu avenyu nzima ikiisha kwa dakika mbili juu ya foto kama ile, juu ilionesha wazi choo ya jirani ilikuwa upande gani.

Jipiesi

Telefone ya Android yenye iko na GPS inaweza kukupa nimero za mahali uko bila intaneti, ni kusimama inje, kungoja kidogo mpaka itulie. Simama ku mulango wa kuingilia parseli, kila parseli palepale, usichukue moja ku choo na ingine ku barabara. Andika nimero tano nyuma ya nukta, iyo inakufikisha karibu metre moja. Hapa kwetu Goma nimero ya kwanza inaanzaka na -1.6 na ya pili na 29.1 ama 29.2. Ile kamustari kadogo ya mbele njo watu wanasahau, na ukiisahau nyumba yako inaruka ekwateri inaenda kuanguka mu pori ya Mambasa kule Ituri. Si mucheko, listi kama ile ikifika ku ordinatere ya mwenye kuchora karti, anaona nyumba makumi ziko Ituri, anazifuta zote, na hatakupigia simu kukuuliza. Kwa hiyo kila mangaribi angalia nimero zote za siku, yenye haianze vile uirudilie kesho yake.

Kuko vijana wenye wanajaza moja kwa moja mu KoboCollect, programu ya telefone ya kujaza fishi, inafanya kazi bila intaneti na inatuma ukifika mahali kuko rezo, ni nzuri, na wako wengine wenye wanachora nyumba na barabara mu OpenStreetMap, ile karti ya intaneti yenye kila mutu anaweza kuchora. Lakini mi naomba kaye ya karatasi ibakie pale pale. Telefone inaanguka, inaibiwa, kurant inakatika siku tano. Na wazee wa avenyu wanaaminia kitu wanaweza kufungua na mukono.

Balaa ikishapita

Siku za kwanza kazi ya kuokoa watu, wenye walikufa, wenye walipotea, iko ya Croix-Rouge na Protection civile, wewe uwasaidie na listi yako ya mbele, juu inawaambia nyumba fulani kulikuwa watu sita. Lakini usichanganye listi ya watu na listi ya vitu. Ni kaye mbili. Na kumbuka Kalehe, kule Kivu ya Kusini: tarehe 4 Mei 2023 maji na mawe vilishuka Bushushu na Nyamukubi, ilikuwa siku ya ine, Nyamukubi siku ya soko, watu walikuwa wametoka pande nyingi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuwa ku listi ya kijiji chochote cha pale. Kwa hiyo ile kaye ya watu iwe na sehemu mbili, wakaaji na wapita njia, na kwa wapita njia uandike walitoka wapi na nani anawatafuta.

Sasa kuhusu nyumba. Usiandike tu "imeharibika". Iyo neno inabeba ukuta wenye umepasuka kidogo na inabeba nyumba yenye haiko tena, na mwenye kugawa franga atawapa wote sawasawa ama atawanyima wote sawasawa. Sisi tunatumia digri ine, na tunazieleza kwa lugha ya mutaa. Ya kwanza, imeguswa lakini leo usiku unaweza kulala ndani. Ya pili, huwezi kulala ndani mpaka watengeneze. Ya tatu, nyumba imeisha lakini kiwanja iko. Ya ine, hata kiwanja haiko, lava imepanda juu ama udongo imetelemuka.

Ile ya ine watu wa mbali hawaijui, ni yetu wa Goma na ya Bukavu. Mutu wa digri ya tatu ukimupa tole na mbao anajenga wiki ijayo. Mutu wa digri ya ine ukimupa tole ataziuza, na usimulaumu, atazipigilia wapi? Mawe iko mita mbili juu ya mahali alilalaka. Mu 2002 lava ilipita katikati ya muji mpaka mu ziwa, watu zaidi ya laki moja wakabaki bila nyumba, na wengi walirudi wakavunja yale mawe na nyundo wakajenga juu yake, na mawe yenyewe ikawa fondasio. Inawezekana, lakini inaomba wakati, inaomba mukono, na inaomba kwanza mujue mupaka wa kila mutu uko wapi chini ya mawe. Njo pale jipiesi ya mulango na foto vinakuja kusaidia. Listi yenye haitenganishi ya tatu na ya ine inatupa franga.

Uandike tena sababu. Mu 2021 wote walikuwa wanaangalia lava, na kumbe nyuma yake inchi ilitetemeka siku nyingi, nyumba mbali kabisa na lava zikapasuka. Tarehe 27 Mei wakaamuru kartie 10 ku 18 za muji ziondoke, na wakati watu walirudi kuko wenye walikuta mulango umevunjwa na vitu vimebebwa. Lava, tetemeko, wizi wa wakati wa kukimbia, ni hasara tatu tofauti, na wa tetemeko kwetu hakuna aliyewauliza juu karatasi ilisema "wahanga wa lava".

Hasara iko mbili

Wale wataalamu wa Amerika ya Kusini, wa tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kule, tangu miaka ya 1970 wanatenganishaka vitu viwili, na ile namna njo imeingia mu hesabu kubwa yenye Umoja wa Mataifa, Banki ya Dunia na Umoja wa Ulaya walikubaliana mwaka 2008 kuifanya pamoja nyuma ya balaa. Kitu ya kwanza ni kile kiliharibika, unakihesabu kwa bei ya kukinunua upya. Ya pili ni mapato yenye inakatika juu kile kitu hakiko. Ule mama wa Buhene, masini iko na bei yake. Lakini miezi yenye alikaa bila kushona, nguo za watu zenye ziliungua mikononi mwake na wenyewe wanazidai, watoto wenye walifukuzwa masomo juu ya minervali, hiyo nayo ni hasara na mara nyingi inapita bei ya masini. Njo sababu mu kaye ya mbele uliandika kazi yenye inafanyikia mu nyumba. Nyuma ya balaa unauliza tu: ulikuwa unaingiza ngapi ku wiki, na wiki ngapi umeshakosa. Usiandike kile anasema peke yake, uliza na wawili wenye wanafanya kazi ileile, ukute katikati.

Bei ya tole, mbao, misumari, siman, usiikopie ku listi ya mwaka uliopita wala usiitoe mu kichwa. Pita ku wauzaji watatu, Birere, soko ya Virunga, depo ya mbao, siku moja, andika bei zote tatu na tarehe, kwa dolari na kwa franga, juu bei ya asubui si ya mangaribi wakati kila mutu anatafuta tole.

Na hapa niseme kitu kimoja kuhusu kupima. Kuko watu ku biro wanapendaka kuhesabu hasara kwa bei ya nyumba, nyumba ilikuwa na bei gani sokoni, basi mutu apate hiyo. Inaonekana ni haki, lakini si haki. Marekani walifanya hivyo kule Louisiana nyuma ya tufani Katrina ya 2005, programu yao ya kujenga upya ilikuwa inampa mutu kulingana na bei ya nyumba mbele ya tufani ama bei ya kuitengeneza, yenye iko chini. Sasa kartie za Weusi nyumba zilikuwa na bei ndogo sokoni, hata kama siman na mbao vinauzwa bei moja ku kila mutu. Kwa hiyo watu wawili wenye nyumba sawasawa, hasara sawasawa, walipata franga tofauti, na mwenye kartie ya bei ndogo hakuweza kumaliza kujenga. Wakaenda ku tribunali, na mwaka 2011 serikali ikakubali kuongeza kama dolari milioni 62. Hesabu kwa kile kinaomba kujenga upya. Nyumba ya mbao ya Majengo, kartie ya bei ndogo, na nyumba ya mbao ya Himbi, kartie ya bei kubwa, musumari ni uleule.

Mwenye hana makaratasi

Kwa sheria yetu ya ardhi ya 1973, haki ya mutu juu ya kiwanja inaoneshwa na sertifika danrejistrema. Na wewe unajua mu avenyu yako ni wangapi wanayo. Wengi wako na akti ya kununua yenye shefu alisinya, wengine parseli ni ya marehemu baba na watoto saba hawajagawana, wengine karatasi iliungua pamoja na nyumba. Ukilazimisha sertifika unabaki na matajiri peke yao ku listi.

Iyo shida si yetu peke yetu. FEMA, ile shirika ya serikali ya Marekani ya mambo ya balaa, miaka mingi ilikuwa inakatalia watu wenye nyumba za urithi bila karatasi, Puerto Rico nyuma ya tufani Maria ya 2017 watu wengi walikosa musaada juu ya hiyo, na mwaka 2021 njo walibadilisha, wakakubali karatasi za namna nyingi zaidi, hata kiapo cha mwenyewe wakati karatasi zingine zote zimekosekana. Kwetu fanya hivi: andika karatasi gani anayo, ya aina yoyote, fakture ya kurant, akti, resi ya shefu, na kama hana kabisa, majirani watatu wenye parseli zao zinagusana na yake wasinye kwamba alikuwa anakaa pale tangu mwaka fulani. Majirani wenye wanagusana, si rafiki zake. Wao njo wako na sababu ya kusema kweli, juu akidanganya mupaka anakula mu parseli yao.

Kitu ingine ya kule: franga kubwa za kujenga upya za Marekani wanazigawaka wakiangalia wenye walijiandikisha ku ile FEMA. Mwenye hakujiandikisha, juu ya lugha, juu ya uzee, juu alikuwa amekimbilia mbali, hesabu haimuone, na kartie yake inaonekana haikuumia sana. Kwetu ni vilevile kabisa. Listi inafanywa siku mbili, wenye wako karibu wanaandikwa, wenye wako bado Sake ama Minova wanakosa. Ukiwa na kaye ya mbele unajua nani hajafika. Unashika nimero 1 mpaka 140, unaangalia wale wenye hawajapita, unapiga simu. Usingojee mutu aje kukulomba umuandike.

Listi kuongezeka mu njia

Hii njo inaniuma zaidi. Kuna wakati sisi tulitoa familia 61, tukazipeleka ku biro fulani, na siku ya kugawa listi ilirudia na 93. Yale majina mapya hakuna mwenye alikuwa anayajua mu avenyu. Na kuko familia zetu tisa zenye hazikuwemo tena. Tulilalamika, tukaulizwa "muko na ushuhuda gani?", na hatukuwa nao, juu tulikuwa tumetoa kaye yenyewe bila kopi.

Tangu ile siku, kila ukurasa uko na nimero yake, na chini ya ukurasa tunaandika totali kwa maneno, "familia kumi na mbili, 12", na mustari unapigwa chini yake ili hakuna jina inaingia. Shefu wa avenyu, mama mumoja wa avenyu na kijana mumoja wanasinya. Ule mangaribi tunapiga foto ya kila ukurasa na kuzituma ku watu watano tofauti. Biro inapewa kopi na inaweka kashe na tarehe ku kopi yetu. Kaye yenyewe haitokaki.

Kiisha, mbele ya kupeleka, listi inasomwa kwa sauti. Usibandike tu ku ukuta, wengi hawasomi na karatasi inatobolewa usiku. Juma pili watu wakitoka kanisa, mutu anasimama mu kiwanja anasoma: 14A, bayeri, digri ya tatu. 14B, lokatere, digri ya tatu. Nimeona mutu mwenye alikuwa amejiongezea bibi na watoto sita wenye hawako, akainua mukono yeye mwenyewe kabla jina yake haijafika, akaomba warekebishe. Siku tatu za malalamiko, kaye ya malalamiko peke yake, na kila lalamiko inajibiwa kwa maandishi hata kama jibu ni hapana. Simu za watu, ugonjwa, mujane anayekaa peke yake na mabinti, watoto wenye hawana wazazi, ivyo havisomwi na havibandikwi, vinabaki mu kaye. Balaa inaletaka na wezi.

Mwisho omba avenyu ya jirani waje kuhakikisha nyumba moja ku kila kumi, wao njo wachague, si wewe. Kama ku kumi zenye wameangalia mbili hazifanane na kaye, rudilia yote. Inachosha, lakini fanya.

Kwa wale wa ku biro

Ndugu zangu, mukiingiza mu ordinatere: mustari moja ni familia moja. Musiunganishe visanduku eti ionekane nzuri, musiandike "14A na 14B idem". Musibadilishe nimero ya avenyu kwa nimero yenu, muongeze yenu pembeni. Mutu akitolewa, musifute, muandike "ametolewa", sababu, tarehe, na nani ameamua. Na mukirudisha totali juu, mutumie pamoja na totali ya mbele ya balaa, familia ngapi zilikuwa, ngapi zimeumia, kwa kila digri, bayeri na lokatere mbalimbali. Ukurasa moja inatosha, mukubwa wa probinsi atausoma ule moja.

Foto za satelite zitakuja, ni nzuri sana kwa kuonesha lava ilipita wapi, lakini satelite inaona tole. Haioni kwamba chini ya ile tole kulikuwa sufuria ine. Mutu akikuambia satelite imehesabu nyumba 40 na wewe uko na familia 110, musibishane, weka kaye pembeni ya foto, parseli kwa parseli.

Na musidharau balaa ndogo. Ile banki ya data ya balaa ya dunia nzima, EM-DAT, yenye inafanyiwa Ubelgiji, inaingiza balaa kama imeua angalau watu 10, ama imegusa 100, ama serikali imetangaza hali ya hatari, ama imelomba musaada ya inje. Moto yenye inakula nyumba saba za mbao Kadutu, udongo yenye inashuka na nyumba mbili Bukavu wakati wa mvua, haifikie pale, haiandikwe na dunia. Ukihesabu ivyo vidogo vyote vya mwaka moja mu komini moja, utaona kama ni balaa kubwa yenye ilikatwa vipande vipande. Kaye ya kartie njo kitabu peke yake yenye inaweza kuvishika, kwa hiyo moto ya nyumba moja nayo iandikwe, tarehe, nimero, digri, sababu.

Kopi ya pili ya kaye usiiweke mu nyumba ya shefu, juu nyumba ya shefu iko mu avenyu ileile. Biro zinahama, watu wanabadilishwa, makabati yanafunguliwa na watu wengine. Yetu iko Bukavu, ndani ya sanduku ya nguo ya dada yangu, imefungwa mu saketi mbili, na kila mwezi wa nane natuma ile mupya na bwato na ananirudishia ya zamani.